Aliyekulipa Kabla Hajaona Mzigo



Leo naongelea tiketi za msimu za timu ya hoki ya vijana huko Kanada. Najua unajiuliza, hoki na sisi tunaouza mtandaoni wapi na wapi? Vumilia kidogo. Hata mimi nisingeijua hiyo hoki kama si jezi moja iliyotoka kwenye balo.

Wanaonifahamu wanajua kazi yangu ni mitumba ya watoto. Nauza mtandaoni na kwenye fremu yangu ndogo hapa Dar. Mwaka juzi nilifungua balo la mzigo wa Kanada, katikati ya majaketi nikakuta jezi moja ya mtu mzima, nzito, mikono mirefu. Mtu akiivaa Kariakoo saa saba mchana anazimia. Nikaipiga picha, nikaiweka WhatsApp kwa utani: "Nani anaishi kwenye friji?" Kaka mmoja wa Makambako akaichukua siku hiyo hiyo. Kwao baridi si utani.

Kabla sijaifunga nikatafuta jina la timu, nijue nimeuza nini. Kootenay Ice. Nikakuta timu yenyewe haipo tena. Jezi ipo, timu haipo. Nikaanza kusoma, nikasoma mpaka bando likaisha, kwa sababu nilichokuwa nasoma ni biashara yangu kabisa, ila imevaa nguo za baridi.

Kootenay Ice ilikuwa ya Cranbrook, mji mdogo wa milimani katika jimbo la British Columbia, magharibi mwa Kanada. Watu takribani 20,000 tu. Ilicheza Western Hockey League, ligi ya hoki ya barafuni ya vijana, wengi wao wa miaka 16 mpaka 20. Hawa si wachezaji wa mishahara mikubwa. Wengi wanatoka mbali na kwao, wanakaa na familia za pale mjini zinazowapokea kama watoto wao, na ligi inawawekea fedha ya kusoma baadaye. Umri ukifika wanaondoka. Kwa hiyo timu ya vijana haina staa wa kudumu. Anachonunua mshabiki ni kiti chake, jirani wa kukaa naye, na uhakika kwamba wikiendi kuna mechi na yeye yumo.

Hapo ndipo inapoingia tiketi ya msimu. Mshabiki analipa kabla ligi haijaanza, analipia mechi zote za nyumbani, zaidi ya 30. Anapata kiti kilekile kila siku, na ukigawanya, kila mechi inamgharimu kidogo kuliko bei ya mlangoni. Timu nayo inapata hela kipindi ambacho hakuna mechi hata moja, inajua uwanja utalipiwa na basi la safari litapata mafuta. Ligi inaanza Septemba, mzunguko wa kawaida unaisha Machi. Sasa mtu anayekulipa mwezi wa sita kwa mechi ya mwezi wa pili mwakani, huyo hajanunua tiketi tu. Amekukopesha.

Shika hilo neno. Amekukopesha.

Na haikuwa timu ya ovyo. Ilianzia Edmonton mwaka 1996, mji mkubwa wenye timu kubwa ya kulipwa, Edmonton Oilers. Haikushika. Baada ya misimu miwili tu, 1998, ikahamia Cranbrook, na kule kwenye mji mdogo ndiko iliponawiri. Ilichukua ubingwa wa ligi 2000, 2002 na 2011. Na 2002 hiyo hiyo ikabeba Memorial Cup, kombe kubwa kuliko yote ya hoki ya vijana kule. Mji wa watu 20,000!

Halafu mambo yakageuka. Kuanzia msimu wa 2015-16 timu ikakosa hatua ya mtoano misimu minne mfululizo. Viti vikawa vinabaki wazi. Uwanja unaingiza watu zaidi ya 4,000, na kwa mji ule piga hesabu mwenyewe: ukitaka kuuza tiketi za msimu 2,000 tu, lazima mtu mmoja kati ya kila kumi wa mji mzima awe amelipia, ukihesabu na vichanga. Mwaka 2017 familia iliyokuwa inaimiliki ikaiuza kwa wafanyabiashara wa Winnipeg, mji wa mbali, jimbo lingine. Januari 2019, msimu ukiwa bado unaendelea, ikatangazwa kwamba timu inahamia Winnipeg. Sababu? Watu hawatoshi uwanjani na tiketi za msimu haziuziki vya kutosha.

Wengi wakisikia habari hii wanasema mji mdogo, soko dogo, wangefanyaje. Sikatai, soko dogo linabana. Ila soko lilikuwa dogo hivyohivyo wakati wanabeba makombe. Mimi naona hivi: tiketi za msimu zikishuka, hao ni wakopeshaji wako wanakuambia hawana tena imani na wewe. Na taarifa hiyo hufika imechelewa, maana mteja wa msimu haondoki siku anayokataa kulipa. Alishaondoka zamani, ila alikuwa ameshalipia.

Mfikirie baba mmoja wa pale, namtunga tu. Ana tiketi mbili, yake na ya mtoto. Mwaka wa kwanza timu inafungwa, anasema ndiyo michezo. Mwaka wa pili inafungwa tena, anaanza kukosa mechi za siku za baridi kali. Kiti chake kiko wazi, lakini kwenye daftari la timu kimeuzwa, kwa hiyo hakuna anayemuuliza kulikoni. Mwaka wa tatu anasikia timu imenunuliwa na watu wa mji mwingine. Halafu anaombwa alipie msimu mzima mbele.

Wewe ungelipa? Duka unalolipia mbele limenunuliwa na mtu wa mkoa wa mbali, hujui kesho atalihamisha au vipi. Mimi ningesema ngoja kwanza nione. Na wengi wakingoja, mauzo yanashuka. Mauzo yakishuka, mwenye mali anasema mnaona, mji wenyewe hauitaki timu. Mshabiki anamngoja mwenye timu, mwenye timu anamngoja mshabiki, hivyo hivyo mpaka jua linazama.

Sisemi wamiliki wale walikuwa na nia mbaya. Moyo wa mtu sijauingia. Nasema mteja alikuwa na haki ya kuogopa, na woga wa mteja hautibiwi kwa tangazo la "nunua sasa".

Basi ikahamia Winnipeg, mji wa watu zaidi ya 700,000. Kwa haraka unasema sasa wamepata. Lakini Winnipeg tayari ina Jets, timu ya ligi kubwa ya NHL. Ice ikaingia kwenye uwanja mdogo wa chuo kikuu, haufiki viti 2,000, ikisubiri uwanja mpya ambao haukujengwa. Korona nayo ikapita hapo katikati. Na walikuwa moto kweli: msimu wa 2022-23 walimaliza wa kwanza kwenye ligi nzima, wakafika mpaka fainali. Mwaka huo huo wa 2023 timu ikauzwa, ikahamishiwa Wenatchee, mji mdogo wa jimbo la Washington, Marekani. Winnipeg ilikaa miaka minne tu.

Yaani timu moja imejaribu mji mkubwa mara mbili, na mara zote mbili imefungasha. Kila mara palikuwa na sababu zake, na Winnipeg uwanja ulikuwa tatizo kubwa. Ila somo ninalolichukua ni hili: watu wengi waliopo mjini si wateja wako mpaka wawe wateja wako. Hata kushinda peke yake hakutoshi. Sisi huku tunaita wafuasi. Una wafuasi 12,000, siku ya kodi unazunguka kutafuta wa kukukopesha elfu hamsini.

Sasa niseme ya kwangu, maana nisije nikaonekana mtaalamu. Mimi nimeishia kidato cha nne, biashara nimejifunzia kwenye hasara.

Nilikuwa na kundi la WhatsApp nililoliita Watu wa Balo. Kila mmoja ananilipa 30,000 mwanzo wa mwezi. Nikifungua balo, kabla sijaweka picha popote, nawatumia wao kwanza, wanachagua mpaka hela yao inaisha. Walifika 38. Piga hesabu: 1,140,000 mkononi kabla sijanunua mzigo. Hiyo ndiyo ilikuwa tiketi yangu ya msimu, ila nilikuwa sijui inaitwa hivyo.

Baadaye wakawa 31. Nikasema Januari, watu wanalipa ada. Wakawa 22. Nikasema hali ngumu. Wakabaki 9. Nikasema wateja hawana shukrani.

Ukweli ni kwamba nilikuwa nimeanza kwenda laivu. Laivu inataka vitu vikali, kwa hiyo magauni mazuri nikawa nayaficha kwa ajili ya laivu, Watu wa Balo nawatumia yanayobaki. Na wao wanaangalia laivu kama watu wengine! Wanaona. Halafu nikaweka ofa: mteja mpya, punguzo na usafiri bure. Mtu aliyenilipa mbele mwaka mzima analipa bodaboda 5,000, mtu nisiyemjua hata jina anapelekewa bure.

Kodi ya fremu ya miezi sita ikafika. Nikaandika kwenye kundi: "Wateja wangu, msiponiunga mkono mwezi huu nafunga." Kimya. Tiki za bluu tupu.

Nikampigia mama mmoja wa Mbezi, alikuwa wa kwanza kabisa kujiunga.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu, hujambo?"

"Sijambo. Mama, naomba uniambie ukweli. Nimekukosea nini?"

Akakaa kimya kidogo. Akasema, "Mwanangu, mimi sikuondoka. Wewe ndiye uliyenihamisha. Nilikuwa wa mbele, ukaniweka nyuma ya watu usiowajua. Tena kwa hela yangu."

Sikuwa na la kujibu. Kodi nililipa kwa mkopo wa kikoba, na mpaka leo bado namalizia marejesho.

Kwa hiyo niliposoma habari za Cranbrook sikuona timu ya wazungu kwenye barafu. Niliona lile kundi langu. Na haya ndiyo niliyoyatoa humo, yapime mwenyewe.

La kwanza. Mteja mpya asipewe bei ambayo wa zamani hajawahi kuionja. Timu ikiona viti vitupu ikaanza kugawa tiketi za bure na za bei ya kutupa, inamwambia mwenye tiketi ya msimu kwamba yeye ndiye mjinga wa uwanja mzima. Msimu ujao na yeye anasubiri mlangoni. Kama una ofa, anza na waliokulipa mbele. Kikibaki ndiyo wageni.

La pili. Anayelipa mapema apate kitu ambacho mlangoni hakipo. Uwanja wa watu 4,000 ukiwa na watu 2,000, kiti kipo siku zote. Sasa kwa nini mtu alipie mwezi wa sita kitu atakachokipata mwezi wa pili bila foleni? Punguzo peke yake halimshiki. Kwangu mimi kitu hicho ni kuchagua wa kwanza, basi. Nikikigusa hicho, sina tena cha kuuza.

La tatu. Hesabu viti vilivyokaliwa, usihesabu vilivyouzwa. Yule aliyelipa lakini siku hizi hachagui, hajibu, anasema "nitumie chochote tu", huyo ndiye wa kumpigia leo. Ukisubiri mpaka asilipe, unampigia mtu aliyeshahama.

La nne. Unahama fremu? Unabadilisha unakochukua mzigo? Unapandisha bei? Waambie wa mbele kabla hawajasikia kwa watu. Aliyekukopesha ana haki ya kujua nyumba inakwenda wapi.

La tano. Usiwatishe. "Nunueni la sivyo tunafunga" ni maneno ya kujizika mwenyewe. Nani anapanda daladala ambayo konda anapiga kelele kwamba breki zimekufa? Mteja akisikia unafunga, anaanza kufikiria namna ya kupata hela yake iliyobaki kwako. Hakumbuki tena kununua.

Najua kuna atakayesema, "Dada, mimi nina njaa leo, sina muda wa kubembeleza wateja wa zamani, nataka mauzo." Nakuelewa. Na ni kweli wateja wapya lazima, hasa kwenye biashara kama yangu. Watoto wanakua, mama akimaliza kuzaa naye anaacha kununua, kama vile wale vijana wa hoki wanavyofika umri wakaondoka. Usipoingiza wapya utaisha taratibu. Ninachokataa ni kuwaingiza wapya kwa kuwakanyaga wa zamani. Kati ya 17 nilionao leo, 5 wameletwa na wenzao waliomo kundini. Hiyo haikunigharimu hata shilingi ya tangazo. Laivu bado nafanya, ila Watu wa Balo wakishachagua. Ndiyo, laivu yangu imepoa kidogo. Lakini mwezi uliopita nilinunua balo bila kukopa, na sikuwa nimefanya hivyo kwa muda mrefu.

Kumi na saba si thelathini na nane. Wengine niliwapigia hawakupokea, wengine walipokea wakanitakia heri tu. Imani ikivunjika haiungi kwa simu moja.

Nimalizie na Cranbrook. Baada ya Ice kuondoka, hoki ya vijana haikufa pale. Mji ulipata timu nyingine, Cranbrook Bucks, kwenye ligi nyingine ya vijana inayoitwa BCHL, ikaanza msimu wa 2020-21, na uwanja wake wa nyumbani ni uleule. Aliyeiongoza kuianzisha ni Nathan Lieuwen, aliyekuwa mlinda lango wa Ice ile iliyochukua ubingwa 2011. Mji ni uleule, barafu ni ileile. Ila safari hii aliyesimama kuwaambia "lipeni mbele" ni mtu waliyemshangilia tangu akiwa kijana wao. Kwa maoni yangu hiyo ni zaidi ya punguzo lolote.

Kazi ya leo ni ndogo. Jioni ukishafunga hesabu, chukua daftari, andika majina ya watu watano waliokuwa wanakulipa kabla hawajaona mzigo na sasa hawakulipi. Mpigie mmoja tu. Usimuuzie kitu. Msalimie, muulize nimekukosea nini, halafu nyamaza umsikilize mpaka amalize, hata kama inauma.

Itauma. Mimi nilikaa kwenye kiti cha fremu nusu saa nzima bila kuhudumia mtu.

Kazi njema, tukutane wiki ijayo. Na wewe kaka wa Makambako, kama unasoma hapa, ile jezi itunze. Nyingine sidhani kama nitaipata tena.